Kula Pwani ya Kenya kuanzia Shimoni mpaka Lamu: wapi, saa ngapi, na ufanye nini usilale njaa

Kila likizo ikikaribia maswali ni yale yale. Tunaenda Pwani tule wapi, biriani nzuri iko wapi, samaki wa bei ya kawaida anapatikana wapi, watoto hawali pilipili tufanyeje, na Lamu je. Wengi wanaouliza wanataka orodha ya majina ya hoteli, na majina nitakupa kiasi, lakini nakwambia mapema jina la hoteli ndo jambo dogo hapa. Chakula cha Pwani kinaenda na saa na kinaenda na maji ya bahari. Mahamri ya saa moja asubuhi na mahamri hayo hayo saa tano ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anapanga safari vizuri, analipa lojing mapema, alafu anaingia Mji wa Kale saa kumi jioni akitafuta biriani wakati sufuria zishaoshwa, anaishia kula chipsi kuku ambazo hata kwao ziko, anarudi bara anasema chakula cha Pwani kinasifiwa bure. Kilichompita huyo ni saa tu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekuja mara ya kwanza, awe na gari lake au anapanda matatu. Nimeupanga kuanzia Mombasa, kisha kusini, alafu kaskazini mpaka Lamu, lakini hatua 3 za kwanza fanya ukiwa bado nyumbani.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Pesa ndogo ndogo. Sarafu, noti za 50 na za 100. Mama wa mahamri saa kumi na mbili unusu asubuhi hana chenji ya elfu moja, na si vizuri kumhangaisha na foleni iko nyuma yako.
- M-Pesa yenye salio. Vibanda vingi vina till au Pochi la Biashara, lakini mtandao hukatika, kwa hivyo usitegemee simu peke yake, hasa visiwani.
- Kikapu au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017. Ukiwa na kontena lako lenye mfuniko ni bora zaidi, mchuzi wa nazi haubebeki kwa gazeti.
- Chupa ya maji ya kujaza tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi, zikiwemo za baharini kama Watamu, Malindi na Kisite Mpunguti.
- Leso moja au kanzu au suruali ndefu, kitu cha kujisitiri. Mji wa Kale na Lamu huingii kibandani na nguo za kuogelea, hata kama hakuna atakayekufukuza.
- Pakiti kadhaa za ORS, ile poda ya kuchanganya na maji tumbo likiendesha. Zinauzwa duka la dawa lolote.
- Kalenda ya Kiislamu na jedwali la maji kujaa na kupwa. Zote mbili zinapatikana kwa simu bure.

Hatua ya 1: Angalia kalenda kabla hujaangalia ramani

Kitu cha kwanza ni Ramadhani. Mwezi huu unarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka ukilinganisha na kalenda ya kawaida, kwa hivyo usikariri kwamba ni Machi au Aprili, angalia mwaka unaosafiri. Mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za Mji wa Kale Mombasa na karibu Lamu mjini yote zinafunga, na ukila barabarani ni kukosea watu heshima. Lakini usikimbie Ramadhani kama unaweza kuvumilia mchana, kwa sababu kuanzia alasiri mitaa inajaa meza za bajia, sambusa, kaimati, vitumbua, mkate wa sinia, mkate wa mayai, tambi, na baada ya futari watu wako nje mpaka usiku mwingi. Kwa upande wa vitafunio hakuna mwezi unaoshinda huo. Mchana utakula hotelini ulikolala au Nyali au Diani, huko hakufungwi.

Cha pili ni upepo. Kaskazi inavuma kama Novemba au Desemba mpaka Machi, bahari inakuwa tulivu kiasi na ngalawa ndogo zinatoka. Kusi inaanza Aprili hivi mpaka Septemba, bahari inachafuka, na kuna siku mvuvi mwenye chombo kidogo haendi popote. Bei ya samaki inapanda na wewe inabidi ukubali anayepatikana. Ukija Juni na umekaza kwamba lazima ule kaa, ngisi na kamba, utalipa sana au utauziwa waliolala kwenye friji.

Cha tatu, Aprili mpaka Juni hoteli na mikahawa mingi ya Watamu, Malindi na Diani inafunga au inapunguza wafanyakazi, mvua za masika ziko na wageni hawapo. Piga simu kwanza. Vibanda vya wenyeji havifungi, hivyo vipo mwaka mzima kwa sababu wanaokula hapo ndo wakazi.

Hatua ya 2: Angalia mwezi na maji

Hii watu wa bara wanairuka na ndo inayoleta tofauti. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, Mombasa tofauti yake inaweza kufika karibu mita 4. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Siku za bamvua maji hupwa mida ya saa nne saa tano asubuhi, miamba inabaki wazi, kina mama na vijana wanaingia kwa miguu na kijiti kutafuta pweza kwenye mashimo. Pweza huyo anafika pwani adhuhuri, kwa hivyo jioni ya siku hizo ndo ya kuagiza pweza wa nazi au supu ya pweza. Siku ya maji mafu uliza kwanza kama ni wa leo.

Maji pia yanapanga mahali pa kukaa. Mida Creek, karibu na Watamu, ukienda jioni ya bamvua unakuta maji yamejaa chini ya mikoko na jua linazama juu yake, ukienda jioni ya maji mafu unaweza kukuta matope na harufu yake. Chakula ni kile kile, mandhari ndo tofauti, na kama umetoka Nairobi kwa ajili ya mandhari panga siku zako kwa mwezi.

Hatua ya 3: Gawa siku kwa saa za Pwani

Hapa ndo kiini cha mambo, soma taratibu.

Asubuhi, saa kumi na mbili unusu mpaka saa tatu: mahamri na mbaazi za nazi. Mahamri mazuri yananukia iliki kabla hujafika, yamefura, ukiyapasua ndani ni wazi unaeza kutia mbaazi humo humo. Mbaazi ziwe na tui zito juu, kama ni maji maji ujue tui la kwanza halikutiwa. Unakunywa na chai ya maziwa au chai ya mkandaa. Tafuta pale wanapopanga foleni wanafunzi na watu wa kazi, sio pale penye kibao kikubwa. Ikifika saa tatu na nusu nyingi zimeisha, na zilizobaki zishapoa na kuwa ngumu.

Mchana, saa sita mpaka saa nane: wali wa nazi na samaki, wali na maharage ya nazi, pilau, na biriani. Biriani Ijumaa na Jumapili ndo siku zake. Ijumaa jua kwamba maduka mengi ya Mji wa Kale yanafunga kwa sala kama saa sita na nusu mpaka saa nane kasoro, kwa hivyo ama ufike mapema ama usubiri wakitoka, na wakitoka mnakuwa wengi. Baada ya saa tisa usihangaike.

Jioni, kuanzia saa kumi: viazi karai, bajia za kunde na chatini ya nazi, mihogo ya kuchoma na ya kukaanga inayotiwa ndimu na pilipili ya unga, kachri, madafu. Viazi karai kula palepale vinapotoka kwenye karai, ukavichovya kwa ukwaju. Ukibeba nyumbani vinalainika na utamu unaisha.

Usiku, baada ya Magharibi: mishkaki, kuku wa kuchoma, nyama na mkate wa mofa au naan. Na baada ya Isha wazee wa kahawa, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kipande cha halua au kashata au tende. Kahawa hiyo haina sukari kwa makusudi, halua ndo sukari yake.

Angalizo: usijaze tumbo hotelini asubuhi kwa sababu brekfasti umeshalipia. Ukishiba mayai na soseji saa nne, biriani ya saa saba hutaiweza. Kama unaweza, chukua lojing isiyo na brekfasti.

Hatua ya 4: Mombasa

Wengi wanafika na treni. Ile ya asubuhi inatoka Nairobi saa mbili na kufika Miritini karibu saa nane mchana, alafu kuna safari ya kuingia kisiwani, maana yake ukitulia ni saa tisa na nusu na chakula cha mchana kimeisha. Kula kitu kwenye treni au beba, siku hiyo anza na vitafunio vya jioni. Nenda Mama Ngina, wengi bado wanaita Lighthouse, kaa ukiangalia meli zinavyoingia mlango wa Kilindini, agiza mihogo, viazi karai na dafu. Watoto wanapenda hapo kwa sababu kuna nafasi ya kukimbia. Dafu waambie kama unataka lenye nyama laini ya kukomba ama la maji tu, muuzaji anajua kwa kuligonga.

Kesho yake asubuhi ingia Mji wa Kale kwa miguu kutokea Fort Jesus, ushike Ndia Kuu. Jahazi Coffee House iko njia hiyo, ni mahali pa kukaa kwenye matakia kunywa kahawa ya tangawizi na kupumzika na joto, bei ni ya wageni kidogo lakini inastahili. Usiku wa mishkaki na kuku watu wengi watakutuma Tarboush, Makadara Road, na mimi pia nakutuma huko, nenda na njaa na usiende peke yako maana sahani ni za kugawana. Ukitaka kukaa kistaarabu na unalipa, Tamarind upande wa Nyali inatazama bandari ya kale na Mji wa Kale ng'ambo ya maji, vaa vizuri na uweke nafasi mapema.

Asiyekula nyama asiwe na wasiwasi, Mombasa kuna mikahawa mingi ya Wahindi ya mboga tupu, na nje ya hiyo mbaazi, maharage ya nazi, mchicha wa nazi, bajia na viazi karai havina nyama. Uliza tu kama mafuta ndo yale yaliyokaanga samaki.

Viungo nunua Marikiti, soko lile la Digo Road. Nunua iliki nzima, mdalasini na pilipili manga, na kama unataka pilau masala waambie wasage mbele yako. Achari za embe na mabuyu ziko kila kona.

Hatua ya 5: Kusini, Diani mpaka Shimoni

Kuvuka ni feri ya Likoni, kwa miguu hulipi, au ukiwa na gari unazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu usipange foleni. Wageni wanakosea hapa: wanabanana barabara ya ufuoni Diani ambapo sahani moja ya samaki bei yake ingelisha watu 3 Ukunda. Panda tuktuk mpaka Ukunda mjini mchana, kula wali samaki na wenyeji, alafu rudi ufuoni jioni kwa mandhari na kinywaji. Usiku mmoja ukiwa na mwenzio na mfuko unaruhusu, Ali Barbour's, meza ziko ndani ya pango la matumbawe na juu kuna uwazi unaona nyota. Weka nafasi kabla.

Shimoni na Wasini nenda kwa siku nzima, kutoka Likoni ni kama kilomita 75 kwa hivyo ondoka alfajiri. Asubuhi mashua inakupeleka Kisite Mpunguti, mchana mnakula kisiwani Wasini, kaa wa kuchemsha na samaki wa nazi. Kaa huliwa kwa mkono, wanakupa kijiti cha kuvunjia gamba, vunja kwa kugonga mara moja pale kwenye kiungo cha kucha, ukigonga katikati vipande vya gamba vinaingia kwenye nyama. Kabla ya kupanda mashua uliza kama bei ina chakula ndani, ada ya hifadhi ndani, na kaa au samaki tu. Maswali matatu, yajibiwe yote kabla pesa haijatoka.

Hatua ya 6: Kaskazini, Mtwapa mpaka Malindi

Barabara ya Malindi ni kama kilomita 120 kutoka Mombasa na unaweza kuila kipande kipande. Mtwapa kuna mikahawa kando ya mkono wa bahari, mizuri mchana. Ukipita mashamba ya mkonge ya Vipingo utaona wauza korosho barabarani, onja moja kabla ya kununua, ikiwa na harufu ya mafuta ya zamani acha.

Kilifi simama, usipite tu. Ukivuka daraja unaona mkono wa bahari wote chini yako. Huku ni Umijikenda, sima na mboga za nazi, samaki wa kukaanga na kachumbari ya ndimu. Mnazi, yaani pombe ya mnazi, unanyweka kwenye mangwe, vilabu vyake, wenyewe wanautumia kwa mboko (kibuyu) na mrija. Kama unataka kuonja nenda na mwenyeji, mchana, na onja wa asubuhi ulio mtamu. Unavyozidi kukaa unachachuka na unapanda kichwani bila taarifa, usiendeshe gari baada ya hapo.

Watamu unakata kulia pale Gede. Mahali ninapopapenda kuliko pote kwenye barabara hii ni Crab Shack, Dabaso, inaendeshwa na kikundi cha wanajamii ambao wanafuga kaa na kutunza mikoko. Unatembea kwa daraja la mbao katikati ya mikoko mpaka kwenye jukwaa juu ya maji. Agiza sambusa za kaa kwanza, ukiwa unangoja kilichobaki. Ukienda jioni fika saa kumi na moja kasoro, saa kumi na mbili viti vya mbele vimechukuliwa. Na pesa yako hapa inabaki kijijini, hilo kwangu lina uzito.

Malindi ni mji wa Kiswahili na Kitaliano kwa pamoja. Wataliano walianza kuja miaka ya 1960, kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti kilijengwa hapo karibu, na mpaka leo utasikia wauza vinyago wakiongea Kitaliano safi. Kwa hivyo pasta, piza na aiskrimu zake ni za kweli, usione haya kula piza Pwani ukiwa Malindi. Ila usile piza mara tatu ukasahau kwamba sokoni kuna mbaazi. Desemba mpaka Machi tafuta embe ngowe, hiyo haichelewi kuisha.

Hatua ya 7: Lamu

Kwa barabara kutoka Malindi ni safari ndefu ya Garsen na Witu mpaka Mokowe. Safiri mchana, uliza hali ya usalama kabla hujakata tiketi, na beba chakula na maji kwa sababu vizuizi na misafara vinaweza kukuchelewesha. Mokowe unapanda boti. Wenye haraka wanapanda ndege mpaka uwanja wa Manda.

Lamu hakuna magari mjini, mtaa unatembea kwa miguu na punda, na mji wote wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Chakula pia kinakwenda kwa miguu. Asubuhi fuata harufu kwenye vichochoro vya ndani, mkate wa mofa unatoka kwenye tanuri la udongo umejaa moshi kidogo, unavunjwa kwa mkono ukiwa moto. Huo wa mbele baharini kwa wageni ni wa jana mara nyingi. Mchana samaki wa kupaka, anachomwa kwa makaa kwanza alafu anapakwa tui lililokolea viungo huku anaendelea kuiva, kama ameletwa akiogelea kwenye mchuzi huyo si wa kupaka. Juisi za ukwaju na embe za ufuoni mwa mji ni nzito mno, glasi moja inatosha kuwa mlo.

Shela ni kutembea kama dakika 45 au boti, bei zinapanda ukifika. Pombe Lamu mjini karibu hakuna, hoteli ya Peponi kule Shela ndo watu wanakaa jioni. Kama safari yako inaangukia Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, weka chumba mapema sana, mji unafurika.

Hatua ya 8: Kuagiza samaki bila kuumia

1. Salimia kwanza. Mzee shikamoo, mama habari za asubuhi, Asalam aleikum ukiingia kwa Waislamu. Ukianza na "hii ni ngapi" bila salamu bei unayotajiwa ni ya mgeni, na ni haki yao.
2. Uliza leo kumeingia nini, usiulize mnaye nini. Jibu la swali la kwanza ni samaki wa leo, la pili ni friji.
3. Omba kumuona. Macho yawe yametokeza na yanang'aa, matamvua mekundu, nyama ukibonyeza irudi, harufu iwe ya bahari. Macho yaliyozama na kuingia ukungu, acha.
4. Kubaliana bei ya samaki mzima, au ya kilo na apimwe ukiona. Uliza kama ina wali au chipsi, na kwa hoteli kubwa uliza kama VAT ya 16% iko ndani.
5. Sema unavyotaka: wa kukaanga, wa kuchoma, wa kupaka, wa mchuzi. Changu na tafi nzuri kukaanga, kolekole na nguru kwa mchuzi au kuchoma.
6. Pilipili iwekwe kando. Sema mapema, hasa kwa watoto.

Onyo kubwa: jodari na nguru waliokaa juani wanaweza kukudhuru hata wakipikwa vizuri, sumu yake haiondoki kwa moto. Ukihisi ulimi unawasha kama pilipili na hakuna pilipili, acha kula palepale. Na nyama ya kasa usikubali hata kuonja. Kenya analindwa na sheria, na Machi 2024 kisiwani Panza huko Pemba watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama yake.

Hatua ya 9: Nunua mwenyewe upikiwe

Kama mko wengi au mmekodi nyumba hii inashinda hoteli zote. Nenda pale vyombo vinapotua, uliza mwenyeji saa za wavuvi kurudi, nunua, mlipe kijana akuparie magamba na kutoa matumbo hapo hapo. Alafu mtafute mama wa kupika kupitia mwenye nyumba, mpe pesa ya nazi na viungo, mkubaliane ujira kabla. Muache achague nazi mwenyewe. Usimsimamie, usimwambie atumie nazi ya pakiti, utaona mwenyewe tofauti.

Ikienda mrama

*Umefika umechelewa kila kitu kimefungwa.* Tafuta stendi ya matatu au karibu na hospitali kubwa, huko kuna anayepika mpaka usiku. Mishkaki pia hulala kuchelewa.

*Dereva wa tuktuk anang'ang'ania kukupeleka kwa rafiki yake.* Huenda analipwa kwa kila mgeni. Mtajie mahali ulipochagua na bei ya safari kabla hujapanda, kwa upole. Ukitaka ushauri wake wa kweli muulize yeye mwenyewe jana mchana alikula wapi.

*Kijana ufuoni anataka pesa ya mapema akupikie samaki jioni.* Wengi ni wakweli, lakini toa kiasi cha kununulia samaki tu, mbele ya mtu wa hotelini anayemjua, na ingine baada ya kula.

*Bili imekuja kubwa kuliko mlivyokubaliana.* Usipaze sauti. Omba waichambue kitu kimoja kimoja, mara nyingi ni kilo zilizoongezeka au maji yaliyofunguliwa bila kuagizwa. Lipa mlichokubaliana.

*Pweza ni mgumu kama kamba.* Hakupondwa au hakuchemshwa vya kutosha. Waambie wamrudishe jikoni kwenye tui, dakika 20 zaidi zinamsaidia. Akichomwa akiwa mgumu hana tena dawa.

*Tumbo linaendesha.* ORS, maji mengi, ndizi, wali mweupe, na juisi za barafu uziache kwanza. Ukiona damu, homa kali, au siku mbili zimepita bila nafuu, nenda hospitali. Uso ukivimba au kifua kikibana baada ya kamba, kaa au korosho, hiyo ni mzio, usingoje hata dakika tano.

*Mtoto hataki chochote.* Mkate wa sinia, vitumbua, kaimati, ndizi za nazi, wali mweupe na samaki wa kukaanga aliyetolewa miba na mama yake. Na dafu. Sijaona mtoto wa kukataa dafu akipewa alishike mwenyewe.